Shimo Lisilojaa

9 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo, ile ya kuosha sakafu za kupuria ngano huko mashambani. Huku kwetu Sidi Mansi haioshi kitu, inafukua uvundo tu. Udongo wa hapa ni mfinyanzi mtupu, haunywi maji. Ikinyesha kidogo tu mashimo ya vyoo yanafurika, maji meusi yanashuka na njia, na watu wanagombania gari la kunyonya majitaka utadhani linagawa nyama. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiwatazama majirani wanavyoruka madimbwi.

"Sisi shimo letu halijajaa tangu niolewe!" akatangaza. "Sijawahi kuliita hilo gari, hata sijui dereva wake ana sura gani!"

"Mbarka, ingia ndani," Baba akamwita. "Utatutia kijicho kwa huo mdomo wako."

"Nani wa kunionea kijicho choo?"

Ramzi, mdogo wangu, alicheka hadi akapaliwa na chai. Nami nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka sana tangu nirudi kuishi hapa na masanduku yangu, baada ya mume wangu kugundua kwamba anapenda utulivu kuliko anavyonipenda mimi.

11 Septemba

Bwana Lamin, mkuu wetu wa idara ya mambo ya kale, amewaita wafanyakazi wote ofisini kwake, yaani mimi na dereva. Anastaafu mwisho wa mwaka. Ujana wake wote na uzee wake wote ameumalizia kuutafuta mji mmoja wa Kirumi, Avidana, ambao kila mtu anajua ulikuwepo na hakuna anayejua ulikuwa wapi. Jiwe la njia lililookotwa karibu na kinu cha zeituni linasema uko upande huu wa jiji. Lakini upande huu wa jiji siku hizi ni nyumba juu ya nyumba, zimejengwa bila kibali wala mpango, kila baba anawaongezea wanawe ghorofa wakitaka kuoa.

"Dalila," akaniambia, "Avidana haijapotea. Iko chini ya jiko la mtu. Wewe ni mtoto wa Sidi Mansi. Nitafutie hilo jiko."

12 Septemba

Joto limerudi. Hakuna jipya.

21 Septemba

Wiki nzima tumechimba uwanja wa mpira, mahali pekee palipobaki wazi mtaani. Tumepata chupa za bia, kiatu kimoja, na mbwa aliyezikwa kwa heshima kabisa. Vijana waliokosa pa kuchezea wananiita Daktari wa Mashimo. "Daktari, umempata Mrumi? Mwambie anadaiwa bili ya maji!" Nimewajibu maneno ambayo Mama angesikia angenipaka pilipili mdomoni, na umri wangu huu.

Jioni nilipanda juu ya paa nikamkuta Ramzi anapiga brashi nondo zake zilizoota kutu. Nguzo za ghorofa yake zimesimama tangu mwaka juzi, bado kumwaga slabu, lile paa la zege. Babake Widad amesema wazi kwamba bila paa hakuna harusi, na Widad amesubiri mpaka shangazi zake wameanza kumpigia debe binamu mmoja wa Ufaransa. Mchana Ramzi anatandika vigae kwenye nyumba za watu, jioni anajibebea matofali yake mwenyewe. Nampenda mdogo wangu huyu kuliko nafsi yangu. Sijui kama nimewahi kumwambia.

3 Oktoba

Mvua tena, na ugomvi wa gari la majitaka tena. Halati Zakia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ninayemwita halati, yaani mama mdogo, tangu utotoni, alikuwa ameegemea mlango wake akimenya mbegu za alizeti na kuwatazama wagomvi kama anatazama tamthilia.

"Mimi na mamako tumebarikiwa, Dalila," akasema. "Hatuna habari na hilo gari. Na mzee Sasi pale kwenye kona, naye hana habari. Wengine wote wanateseka."

Nilitaka kumtania, kisha nikaanza kuhesabu. Sisi, Halati Zakia, mzee Sasi: nyumba tatu kwenye mstari mmoja. Udongo ni uleule wa mfinyanzi, vyoo ni vilevile, watu ni wengi vilevile. Hayo maji yanakwenda wapi miaka yote hii? Shimo la mfinyanzi lisilojaa si baraka. Ni shimo ambalo limetobokea mahali penye nafasi kubwa chini yake. Na nafasi ya ukubwa huo hakuna mtu wa Sidi Mansi aliyeichimba.

Nimeshindwa kula chakula cha jioni. Mama anadhani namlilia mume.

8 Oktoba

Wasomi wenzangu wanatumia mitambo inayoona chini ya ardhi. Mimi napita nyumba kwa nyumba nikiuliza: "Samahani mama, shimo lenu la choo mara ya mwisho mlilinyonya lini?"

"Umesoma mpaka Tunis, ukavaa na lile kofia la mahafali, uje kuniuliza mavi?"

"Ndiyo, mama."

"Kila baada ya miezi mitatu. Andika na hilo."

Mwingine alidhani nataka kumpelekea mtu wa kodi, akanifungia mlango puani. Lakini wale ambao hawajawahi kuliita gari hujulikana mara moja. Wanajitanua, sauti inapanda, wanasema alhamdulillahi, wanakukaribisha chai. Kila mmoja anadhani ni yeye peke yake aliyependelewa na Mungu.

12 Oktoba

Tumefungua shimo la Halati Zakia. Alikubali kwa sababu ananipenda tangu nikiwa mdogo, na kwa sababu alitaka mtaa mzima uone jinsi lilivyo kavu juu. Tuliteremsha taa kwa kamba. Mafundi wa marehemu mumewe walichimba zamani mpaka wakapiga mwamba, wakautoboa, wakashukuru Mungu, wakaenda zao. Haukuwa mwamba. Lilikuwa dari la upinde. Chini yake kuna birika refu la mawe, hodhi la kuhifadhia maji, na kutani imeshika ile lipu nyekundu ya vigae vilivyopondwa ambayo Warumi waliitumia kuzuia maji yasivuje.

Bwana Lamin alilala kifudifudi juu ya shimo la choo, suti na tai, akachungulia muda mrefu. Aliponyanyuka machozi yalikuwa yanamtiririka. Halati Zakia alimpa leso, kisha akaninong'oneza, "Maskini, ni ile harufu."

13 Oktoba

Nimepanga nyumba zote za "baraka" kwenye karatasi. Ni mstari wa mabirika unaoshuka na mteremko, moja linalisha jingine, jinsi Warumi walivyokuwa wakigawa maji mjini. Yanazidi kuwa makubwa kadiri unavyopanda. Mwisho wa mstari, juu kabisa, ni sisi.

Mama ameirudia kauli yake tena leo mbele ya mgeni: shimo letu halijajaa tangu niolewe.

15 Oktoba

Mama alikwenda hamamu, Baba yuko kwenye zeituni za kaka yake. Niliburuta kifuniko cha shimo letu nyuma ya jiko, nikateremsha taa.

Ni kubwa, Mungu wangu. Ni ukumbi wa nguzo wenye uchafu wetu wa miaka yote, unapita chini ya jiko, chini ya ukumbi, chini ya chumba nilichozaliwa. Upinde ulio chini ya jiko una ufa unaoingia mkono. Majitaka yameula mshikizo wa mawe, mawe yamebaki wazi kama meno.

Nilirudisha kifuniko, nikaketi chini jikoni mgongo ukiwa umeegemea jiko la gesi. Ninachotakiwa kufanya nakijua. Naweka nyumba yetu kwenye ramani, kesho yake inapigwa alama, ujenzi unasimama, Widad anaolewa Ufaransa, na baba yangu aliyejenga kila ukuta hapa kwa mikono yake anaambiwa na kijana mwenye karatasi kwamba nyumba si yake tena, ni ya Warumi.

Na isitoshe, huo upinde umesimama tangu enzi hizo. Umevumilia matetemeko, umevumilia Waarabu na Waturuki na Wafaransa. Ushindwe na chumba na sebule ya Ramzi?

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nimeandika ili niyasome siku nitakapokuwa na akili.

19 Oktoba

Nimempelekea Bwana Lamin ramani. Mstari unapanda kutoka kona ya mzee Sasi, unapita kwa wote, unafika kwa Halati Zakia, halafu unakunja kushoto kuelekea kichochoroni. Kwetu haufiki.

"Unaishia hapa?" akauliza.

"Unaishia hapo."

Alivua miwani akaifuta. "Nilitegemea birika kubwa pale juu. Lile la mji." Kisha akatabasamu. "Basi. Nimesubiri miaka yote hii, sitalalamikia kona." Akanibusu kwenye paji la uso kama binti yake. Nilitamani ardhi inimeze, na sijui kwa nini nimeandika maneno hayo.

6 Novemba

Watu wa idara wamekuja na rangi nyekundu. Kila nyumba iliyo kwenye ramani imepigwa duara lenye msalaba karibu na mlango. Ujenzi marufuku. Mkaguzi amechungulia mashimo yote, akawaambia wenyewe kwamba mvua kubwa ikija kikosi cha uokoaji kitawahamisha, wapende wasipende.

Halati Zakia alimtupia kandambili. Mwanawe Fathi alikuwa amenunua saruji yote ya ghorofa yake, sasa imepangwa ukumbini inaganda. "Mtoto niliyemnyonyesha!" alinipigia kelele kutoka dirishani. Kweli alininyonyesha, Mama alipokuwa mgonjwa. "Umekuja kwangu ukanywa chai yangu, ukachungulia choo changu, ukaenda kuniuza!"

Mama alimjibu kwa niaba yangu, na Mama akijibu hajui kufunga breki. Akamalizia na shimo letu. Nilimvuta ndani kwa nguvu mpaka kilemba kikamvuka.

"Una nini wewe?" akaniuliza. "Nakutetea, unanivuta kama mbuzi!"

17 Novemba

Leo Ramzi amemwaga slabu yake.

Kwetu slabu haimwagwi na mafundi peke yao. Ikianza haiwezi kusimama mpaka iishe, kwa hiyo mtaa mzima huja na ndoo, wanapanga mstari ngazini, mwenye nyumba anachinja kondoo, wanawake wanapika kuskusi. Baba alichovya kiganja kwenye damu akakibandika kwenye nguzo. Lakini mtaa haukuja. Walikuja wajomba, marafiki wa Ramzi wa kazini, na babake Widad aliyekuja kuhakikisha kwa macho yake. Wenye alama nyekundu walifunga madirisha.

Kisha nikamwona Fathi anapanda ngazi na ndoo yake.

"Ramzi alinibebea nguzo zangu," akasema bila kuulizwa, "nami namlipa." Alibeba zege mpaka mchana, jasho linamtoka, kwa ajili ya ghorofa ya mtu mwingine wakati yake imekatazwa. Aliponipita jikoni akiomba maji, akaniambia taratibu, "Dada Dalila, ule mstari wako umekata kona nzuri pale ukutani kwenu." Alikunywa, akashukuru, akarudi kazini.

Ramzi alicheza juu ya mbao, miguu imeganda saruji. Widad alipiga vigelegele kutoka barabarani kwa sababu haruhusiwi kuingia kabla ya harusi. Mama alilia kwa furaha. Niliangalia ndoo moja baada ya nyingine zikipanda juu, nikawa kila ndoo naihisi kifuani.

24 Novemba

Tumechuma zeituni kwa ami. Mvua ikatufukuza.

28 Novemba

Mvua.

30 Novemba

Mvua. Mlango wa jiko haufungi sawasawa. Baba ameuparua kwa randa, anasema mbao zimevimba kwa unyevu.

2 Desemba

Nimeuona ufa sakafuni, unaanza chini ya sinki unapita chini ya meza. Mama ametandika mkeka juu yake. "Nyumba inajiweka sawa," alisema, "imepata mzigo mpya. Hata mimi nilipokuwa na mimba yako nilipasuka miguu."

"Mama, twende tukakae kwa shangazi hadi mvua iishe."

"Kwa nini? Sisi tuna alama?"

"Hatuna."

"Basi."

Ningeweza kusema hapohapo. Mdomo nilikuwa nao. Lakini kila siku niliyonyamaza imefanya kesho yake iwe ngumu zaidi. Mwezi wa kumi ningekuwa nimevunja harusi tu. Sasa nitakuwa pia niliyewafungia majirani ujenzi na kuwaficha wa kwetu, na babangu hatatoka tena kwenda kahawani. Nimempigia Bwana Lamin, simu ikaita, nikakata kabla hajapokea.

6 Desemba

Haikatiki. Redio inasema barabara ya kusini imekatika. Halati Zakia, mzee Sasi na wengine wote wa mstari ule wamehamishwa leo adhuhuri na kupelekwa shuleni, na magodoro yao juu ya kichwa. Zakia alikataa, wakambeba na kiti chake, akawa anatukana mpaka kona. Mama alitoka na sufuria ya supu akamwekea mapajani.

"Nenda tu, Zakia. Mimi nitakuangalizia nyumba."

"Na yako nani anaiangalia?"

"Yangu ina baraka zake."

Nimeamua. Kesho asubuhi nakwenda kwa Bwana Lamin, nitamwambia yote. Simu yake leo haipatikani, nguzo za simu zimeanguka. Nikirudi tutahama, waniite wanavyotaka.

15 Desemba

Sijaandika. Leo naandika kwa sababu Baba amelala.

Ilikuwa asubuhi ya tarehe saba. Nilikuwa nimeshavaa koti, nafunga viatu ukumbini. Mama alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, aliniambia nisiende na tumbo tupu. Sauti haikuwa kubwa. Ni kama mtu ameangusha gunia la ngano chumba cha pili. Nilipogeuka hapakuwa na jiko. Mlango ulikuwepo, ule alioparua Baba, na nyuma yake mvua ilikuwa inanyesha.

Nguzo moja ya Ramzi ilikwenda pamoja na jiko, na kona ya ghorofa yake ikalala. Ramzi alikuja mbio peku, akalala kifudifudi kwenye ukingo, akaita. Mama alijibu. Hilo ndilo linaloniamsha. Alikuwa kwenye maji meusi chini kule, ameshika kipande cha nguzo ya Mrumi, tuliona kilemba chake. Ramzi alijifunga kamba kiunoni.

"Usishuke, mwanangu," Mama akasema. "Kunanuka."

Baba alikimbilia barabarani kutafuta waokoaji. Walikuwa upande wa chini, kwenye nyumba zenye alama. Nilimfuata. Mkubwa wao alifungua ramani yangu chini ya mwavuli, vidole vimelowa.

"Nyumba gani, mzee? Onyesha hapa."

Baba hakuwahi kuiona ramani hiyo. Alitafuta kwa kidole, akapanda mstari, akafika kwa Zakia, akakuta kona. "Haimo," akasema. Akarudia kwa mshangao, kama mtu aliyesoma jina lisilo lake, "Haimo."

Walikuja hata hivyo, walikuja wakikimbia, siwalaumu kwa lolote. Tulipofika upinde wa pili ulikuwa umeshaanguka. Ramzi alikuwa bado amelala kifudifudi pale ukingoni, anaita, na hakuna aliyemjibu. Walimpata Mama jioni. Wanawake walimwosha, wakamwosha tena, wakachoma ubani, wakamwosha. Halati Zakia ndiye aliyemkamulia maji ya maua ya mchungwa kwenye nywele, hakuwaachia wengine.

Nilimuua mama yangu. Nimeliandika, na limebaki karatasini vilevile, halijanipunguzia chochote.

16 Desemba

Tunakaa kwa shangazi. Watu bado wanakuja kutupa pole. Wenye alama nyekundu wamekuja wote, na kila mmoja alinishika mikono. Nyumba ya mzee Sasi nayo imeanguka, ikiwa tupu. Ya Halati Zakia imezama sebule nzima, mahali godoro lake lilipokuwa.

"Nilikutukana," aliniambia mbele ya wanawake wote, analia. "Nisamehe, binti yangu. Kama si ile ramani yako tungekuwa makaburini sote, mimi na Fathi na wajukuu. Mungu akulipe. Mungu akulipe kwa kila roho." Akaubusu mkono wangu wa kulia, ule niliochorea.

Sikuutoa mkono. Fathi alikuwa amesimama mlangoni, aliniangalia mpaka nikainamisha uso.

17 Desemba

Bwana Lamin amekuja, ndevu hazijanyolewa. Alikaa na Baba, akasoma Fatiha, hakugusa kahawa. Nilimsindikiza hadi kwenye gari.

"Nilishuka mle jana na waokoaji," akasema. "Ndilo birika la mji. Jina limechongwa juu ya mlango wa kuteremkia, Avidana, herufi zote." Macho yake yalitaka kung'aa, akajishtukia, akayafunga. "Sikuwahi kudhani siku nitakayolisoma hilo jina nitatamani lisingekuwepo." Kisha akashika mlango wa gari. "Dalila, mstari wa maji haukunji kona kupanda kichochoro. Nilikuwa nalijua hilo. Wakati ule nilikuwa na furaha nyingi mno, sikutaka kukuuliza."

Akaenda. Hata yeye, basi. Nilitaka nimchukie kidogo ili nipumzike, sikuweza.

18 Desemba

Ramzi hali wala hanywi. Amemrudishia Widad pete. Shangazi amemkuta chooni anajipiga kichwa ukutani. Leo mchana alimpigia Baba magoti.

"Ni slabu yangu, Baba. Uzito ni wangu. Mama angekuwa hai kama nisingetaka harusi."

Baba alimshika kichwa. "Ni kadari, mwanangu. Nani alijua?"

Nilikuwa nimeketi kwenye godoro na sinia la kahawa mapajani. Ningeweza kunyamaza tena, na safari hii isingenigharimu kitu. Mtaa mzima unaniombea dua. Ingemgharimu Ramzi tu, maisha yake yote.

"Mimi nilijua," nikasema.

Niliwaambia yote, taa na kamba, ufa unaoingia mkono, kona niliyoichora na kwa nini. Niliongea nikitazama sinia. Nilipomaliza Ramzi alikuwa bado amepiga magoti, kinywa wazi. Akasimama, akatoka, akasukuma mlango bila kuufunga. Namshukuru Mungu alitoka kwa hasira. Hasira inatafuta mtu wa kumpiga, na si yeye mwenyewe.

Baba hakutoka. Aliuliza jambo moja tu. "Mamako alijua?"

"Hapana, Baba."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaanza kutafuta viatu vyake.

Alitembea mbele yangu hadi Sidi Mansi, mvua imekwisha, tope limekauka kingoni. Watu walimpa pole njiani, akaitikia. Pale kwa Halati Zakia vibarua wa idara walikuwa wanapiga upya alama zilizofutwa na mvua. Baba aliomba brashi, wakampa, na mkebe. Akaenda kusimama mbele ya ukuta wetu uliobaki, ule wa mlango wa barabarani, aliojenga mwaka alipomwoa Mama. Rangi ikamdondokea kwenye viatu.

"Nionyeshe wanavyochora," akaniambia.

Nikamwonyesha. Duara kwanza, kisha msalaba.